Waziri Yan na Sinia la Majani ya Chai

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa kofia yake ndefu ya uwaziri, Yan alichungulia nyuma ya mlango wa nyumba yake. Furushi lilikuwa pale pale. Mkewe, Saung, alilifunga mwaka aliofariki mfalme wa kwanza, na tangu hapo halikufunguliwa ila kwa kubadilisha nguo zilizoliwa na nondo. Ndani mlikuwa na mkeka, chungu kidogo, chumvi, samaki wakavu, na blanketi moja zito la kumfaa mtu atakayekimbia na kulala msituni.

"Lipo, baba Thwe," Saung alisema kutoka jikoni, bila kugeuka. "Halina miguu."

"Sijauliza."

"Umeuliza kwa macho. Njoo ule wali kabla haujapoa."

Hakuna ambaye angemcheka kwa hilo. Hapa Ava, mji wa mfalme, nyumba nyingi za watu wa ikulu zina furushi la namna hiyo. Yan alikuwa amewatumikia wafalme watatu. Wa kwanza alikufa kwa homa. Wa pili aliuawa na watu wa nyumba yake mwenyewe. Kila mara kiti kilipopata mtu mpya, watu wa ikulu waliitwa wote pamoja waingie kwa lango la mashariki, na si wote waliotoka. Yan alitoka mara zote mbili, na hakujua kwa nini. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mtu anayejua kilichomwokoa anaweza kukirudia. Yeye hakuwa na cha kurudia.

Kwa hiyo alijitafutia ishara. Mfalme alipomaliza kujitengenezea tambuu, akikisukuma kijaluba, kikebe chake cha viungo vya tambuu, kwa kidole mbele ya waziri fulani, waziri huyo angekula chakula cha jioni nyumbani kwake. Akikifunga kabla ya kukisukuma, mambo hayakuwa mazuri. Miaka yote hiyo Yan alilala kifudifudi juu ya viwiko katika ukumbi, macho yakiwa kwenye mkeka kama inavyotakiwa, lakini pembe ya jicho ilikuwa kwenye kijaluba.

Uwaziri wenyewe aliupata kwa njaa.

Alizaliwa katika kijiji cha wakulima wa ufuta, na alipokuwa kijana mwenye ndevu chache, jirani alidai kwamba ng'ombe wa baba yake Yan ni wake. Baba alikuwa mgonjwa, hivyo Yan akaenda ikulu kwa miguu kumtetea ng'ombe. Alifika tumbo likiwa tupu. Mfalme mzee aliwasikiliza wote wawili, akafumba macho kufikiri, na huku akifikiri watumishi wakaliweka kati ya wadai lile sinia la majani ya chai yaliyochacha, yamechanganywa na mafuta ya ufuta, vitunguu saumu na chumvi.

Kila mtoto wa Ava anajua kazi ya sinia lile. Hukumu ikishatamkwa, aliyeshindwa hula kwanza, aliyeshinda hula baadaye, na wakishatafuna wote wawili kesi imekwisha. Hakuna wa kuifufua. Wasipokula, hukumu ni maneno tu, na watu huenda kumaliza ugomvi wao kwa mapanga. Yan naye alilijua hilo. Lakini harufu ya vitunguu ilimpanda puani, akasahau alipo, akadhani ni karamu ya wageni. Mfalme alipofumbua macho, nusu ya sinia ilikuwa imekwisha.

Ukumbi mzima ulicheka. Mfalme mzee hakucheka mara moja.

"Wewe kijana. Umeshakubali hukumu ambayo sijaitoa. Hebu niambie, nimesemaje?"

Yan alimeza. "Umesema ng'ombe ni wa jirani yangu, Bwana wa Uhai. Maana mimi ndiye niliyekula kwanza."

Hapo mfalme alicheka hadi machozi yakamtoka. Ng'ombe alienda kwa jirani, kama desturi ilivyotaka, na Yan akapewa kazi ya kubeba sinia la mahakama. "Mpaka njaa yako iishe," mfalme alisema. Mama yake alipoletewa habari alisema, "Ng'ombe mzima. Kwa majani."

Alibeba sinia miaka mingi. Kwa kulibeba alisikia kesi zote, na kwa kuzisikia alijifunza hadithi za hukumu za kale, ambazo hakimu yeyote wa kwetu huzitumia kuonyesha kwamba hajajitungia sheria. Wazee waliposahau hadithi walimuuliza mbeba sinia. Baadaye wakaanza kumuuliza na hukumu. Mfalme wa pili alimvika kofia ndefu. Mfalme wa tatu, kijana, mwana wa yule mfalme mzee, alikuwa mtoto ambaye Yan alimbeba mabegani siku za sikukuu ya taa. Hata hivyo ndiye ambaye Yan alimwogopa kuliko wengine, kwa sababu wale wawili wa mwanzo walikuwa na hasira zinazoonekana, na huyu alikuwa na utulivu.

Sasa tuje kwenye kisiwa.

Mwaka ule mafuriko yalikuwa makubwa, na maji yalipopungua, kisiwa kipya cha tope jeusi kilijitokeza katikati ya mto, chini kidogo ya mji. Ardhi ya namna hiyo huota maharage na biringanya kama uchawi. Upande huu wa mto ni mashamba ya mfalme. Ng'ambo ni mji wa Yehla, ambao mfalme mzee alimpa mwanawe mdogo aule, yaani apokee kodi zake. Mwanamfalme huyo na mfalme wetu walikuwa wa baba mmoja na mama mbalimbali, na tangu mazishi ya baba yao hawakuwa wamekaa mkeka mmoja. Watu wa Yehla walivuka wakapanda maharage. Watu wa mfalme wakavuka wakayang'oa. Kabla ya mwezi kuisha, kila upande ulikuwa umeweka tembo wa vita ukingoni.

Na Yehla ndiko alikoolewa Thwe, mtoto wa pekee wa Yan. Mumewe alikuwa fundi wa mashua. Thwe alikuwa na mimba, karibu kujifungua.

Mfalme alimwita Yan asubuhi moja, mbele ya baraza.

"Ndugu yangu amekubali kuhukumiwa," alisema. "Amesema atamkubali hakimu mmoja tu, naye ni wewe. Anasema wewe ndiye uliyembeba pia."

"Niliwabeba wote wawili, Bwana wa Uhai."

"Vizuri. Basi nisikilize. Nakitaka kile kisiwa. Na namtaka ndugu yangu arudi kwake ametulia. Nipe vyote viwili."

Yan aliinamisha kichwa zaidi, mpaka pua ikagusa mkeka. "Na nikishindwa, Bwana wa Uhai?"

Mfalme alijipakia chokaa kwenye jani lake la tambuu, akalikunja taratibu, akalitia mdomoni. "Baba hakuwahi kuulizwa swali hilo," alisema, akakifunga kijaluba.

Walipotoka, Waziri Gaung, mkuu wa maghala, alimshika mkono. Gaung alikuwa mnene, mcheshi, na kwa miaka mingi alikuwa akimngojea Yan ateleze.

"Haya, mla ng'ombe. Safari hii unakula kisiwa."

"Niache, ndugu yangu."

"Nakusaidia, wewe unasema nikuache. Sheria ya kisiwa si ni ya chungu? Unakitupa mtoni kule juu, kinakopita ndiko mto wenyewe ulipo, upande wa pili ni kijito tu. Kikipita kando ya Yehla, kisiwa kiko upande wetu, ni chetu. Basi chungu hutupwa na mkono, na mkono ni wako. Sogeza mashua kidogo upande wa kule, nani atapima?"

"Wote watakuwa wanatazama."

"Watatazama chungu. Nani anatazama mashua ya mzee?"

Yan aliuchomoa mkono wake. Alikwenda nyumbani jua likiwa kali, akamkuta Saung akipalia mboga nyuma ya nyumba. Alimweleza yote. Saung alisikiliza huku ameshika jembe.

"Kwanza mlete mwanangu," alisema.

"Siwezi."

"Mashua zipo. Mume wake anaziunda."

"Mama Thwe, fikiri. Hakimu akimtoa bintiye Yehla leo, watu watasema nini? Watasema mzee anajua kuna vita. Kesho kila mtu ataanza kunoa upanga, na vita vitakuja kwa sababu nimeviita."

"Kwa hiyo mtoto wangu akae kule kama chambo, ili wewe uonekane umetulia."

Yan alikaa chini kwenye udongo na mavazi yake ya baraza, na Saung hakumwambia ainuke.

"Ukimpa mfalme kisiwa," Saung alisema baadaye, kwa sauti ya chini, "yule wa Yehla atakasirika, atarudi kwake apige ngoma. Ukimpa wa Yehla, huyu wa kwetu atapiga ngoma, na kichwa chako kitatangulia. Sasa unafanya nini?"

"Sijui. Kisiwa si kitu. Ninachotaka ni wale lile sinia. Wakishakula wote wawili, mbele ya watu, hakuna atakayethubutu kuanza. Hata yeye. Watu wenyewe watakataa kumfuata."

"Yule mtoto? Ale kwanza kama aliyeshindwa?" Saung alicheka bila furaha. "Alikuwa hakubali kushindwa hata mchezo wa kokwa."

Siku ya hukumu mto ulikuwa na ukungu, na baridi iliingia hadi kwenye meno. Banda lilijengwa ukingoni upande wa mfalme. Mwanamfalme alivuka na watu wake, kijana mwembamba mwenye kucheka haraka, na watu wake hawakuacha mikuki mashuani. Yan aliingia kwenye mashua na mpiga kasia mmoja, mkononi ana chungu kilichozibwa kwa nta. Akiwa katikati ya maji aliona mapaa ya Yehla, na akalitambua paa la Thwe kwa mmumunye uliotambaa juu yake. Mbele ya mapaa walisimama tembo.

"Hapa, mzee?" mpiga kasia aliuliza.

Kusogea kidogo tu upande wa Yehla, na mfalme angepata kisiwa. Lakini watu wa mto wanaujua mto. Wangemwona, na kesho hakuna mtu katika nchi hii ambaye angekula sinia mbele ya hakimu yeyote.

"Rudi nyuma kidogo," alisema. "Katikati. Katikati kabisa."

Alikitupa. Chungu kilizunguka mahali pamoja, kama mtu aliyeitwa na watu wawili. Kikaelekea Yehla. Kisha mkondo ukakikamata, kikageuka, kikapita upande wa mfalme, karibu kabisa na banda, mbele ya macho ya wote.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha.

Bandani alitamka hukumu kwa sauti aliyoshindwa kuifanya iwe kubwa. "Mto ni upande huu. Kisiwa ni cha Yehla."

Sinia lililetwa, likawekwa kati ya ndugu wawili. Aliyeshindwa alikuwa mfalme. Mfalme alilitazama sinia, wala mkono wake haukutoka gotini.

Muda ulipita. Mwanamfalme akatabasamu.

"Kaka, majani yatakauka."

"Nani ametengeneza haya?" mfalme aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Yametoka jikoni kwako. Mimi ndiye niliyepaswa kuogopa sumu."

"Basi kula wewe."

"Nile kwanza mimi niliyeshinda? Ili kesho useme nilikubali kushindwa? Sisi sote tulilelewa nyumba moja, kaka. Hila zako nazijua tangu tukiwa tunaoga uchi."

Mtu mmoja wa walinzi wa mfalme alihamisha mguu. Upande wa pili mikuki mitatu minne ilinyanyuka kidogo, kiasi cha upana wa kiganja. Gaung, aliyekuwa amelala kifudifudi pembeni, alianza kurudi nyuma kwa viwiko kama kaa. Yan aliwaona wote, na nyuma yao, ng'ambo ya maji, aliuona ule mmumunye juu ya paa. Alijua kwamba mtu mmoja akikohoa vibaya, paa lile litawaka kabla ya mchana.

Hakimu haruhusiwi kula. Akila, ameingia kwenye kesi, na aliyeingia kwenye kesi si hakimu tena, leo wala siku nyingine. Yan alinyoosha mkono wake wenye makunyanzi, akachota majani kwa vidole vyote vitano, akatia mdomoni. Alitafuna. Akachota tena. Mafuta yalimtiririka kidevuni.

"Anakula tena," alisema Gaung kutoka nyuma, na kicheko kilimtoka kabla hajakizuia.

"Yan," mfalme alisema. "Unafanya nini?"

"Nakula kwanza, Bwana wa Uhai. Mimi ndiye niliyeshindwa." Alimeza. "Niliagizwa nilete kisiwa, sikukileta. Wewe hukupoteza kitu; tope lile halikuwepo mwaka jana. Ndugu yako hakupoteza kitu. Katika banda hili aliyeshindwa ni mmoja, na ameshakula. Waliobaki wanakula kama watu wasioshindwa."

Alivua kofia ndefu, akaiweka kando ya sinia. Kichwa chake kilikuwa na upara, na wengi hawakuwa wamewahi kukiona.

Mfalme alikuwa akimtazama Yan usoni, na Yan akaelewa kwamba anangoja. Kila mtu alikuwa akingoja kuona kama mzee ataanguka. Yan naye alingoja. Hakuwa ameliwaza hilo mpaka wakati huo, na sasa alisikiliza tumbo lake kama mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango. Ukungu ulipanda kutoka majini. Mahali fulani tembo alipiga masikio.

Hakuanguka.

Mwanamfalme alinyoosha mkono. Mfalme naye akaunyoosha, haraka, kama zamani walipogombea keki ya wali, na vidole vyao vikagongana ndani ya sinia. Walitafuna wakitazamana. Nyuma ya mwanamfalme mikuki ilishuka.

"Chumvi imezidi," mwanamfalme alisema.

"Jikoni kwangu haizidi," mfalme alijibu. Kisha akatoa kijaluba chake, akajitengenezea tambuu, na Yan akatazama kwa pembe ya jicho. Kijaluba kilibaki wazi. Hakikusukumwa, wala hakikufungwa.

"Nenda," mfalme alimwambia, wala hakusema wapi.

Saung alikuwa ameshatoa furushi mlangoni Yan alipofika bila kofia. Walivuka mto siku ile ile kwa mashua ya mkwe wao, na Thwe aliwapokea akiwa amejishika kiuno, akisema, "Baba, mbona unanuka vitunguu?"

Alijifungua mtoto wa kike. Maharage yalipandwa kisiwani, yakaota, yakavunwa. Tembo walirudishwa kuvuta magogo. Watu wa Yehla walimsalimu Yan kwa heshima, na walipokuwa na ugomvi walikuja kumuuliza, naye akawafukuza: "Nimekula mimi. Tafuteni mwingine." Lakini hakutulia. Mfalme asiyemwadhibu mtu leo huenda anapanga vizuri. Kila mashua iliyotoka upande wa Ava aliitazama kasia, maana za ikulu huwa na kasia nyekundu, na alijifunza kulala mchana ukingoni, chini ya mashua iliyopinduliwa, ili waje wamkute mbali na mtoto.

Zilikuja mwanzoni mwa mvua. Kasia nyekundu, mashua moja. Akateremka mlinzi wa ikulu, kijana asiyemjua, akampa kifurushi cha jani la ndizi kilichofungwa kwa uzi.

"Kutoka kwa Bwana wa Uhai," alisema.

"Amesema nini?"

"Amesema nikupe."

Mashua iligeuka ikaondoka. Yan alikibeba kifurushi hadi nyumbani kwa mikono miwili, akakiweka kwenye mkeka, akakifungua. Ndani mlikuwa na tambuu mbili, zimekunjwa kwa namna ambayo mfalme mwenyewe huzikunja, ncha ikiwa imeingizwa ndani.

Alikaa akizitazama. Miaka yote aliyotumikia alikuwa ameomba kimya kimya kijaluba kile kisukumwe upande wake, na sasa kimesukumwa kuvuka mto mzima, naye hakuweza kunyoosha mkono.

"Ni msamaha," alisema. "Au ni ule mwisho mwingine, wa sumu. Wangeweza kunipa hivi hivi, kwa heshima."

"Sasa utakaa hapo mpaka lini?" Saung aliuliza. Alikuwa na mjukuu mgongoni.

"Nafikiri."

"Umefikiri maisha yako yote." Alimfungua mtoto mgongoni, akampa Thwe. Akainama, akachukua tambuu moja, na kabla Yan hajauwahi mkono wake, ilikuwa mdomoni.

"Mama Thwe."

Saung alitafuna polepole, macho yake kwa mumewe. Yan alimshika kifundo cha mkono, akahisi damu ikipiga chini ya vidole vyake, akaisikiliza hiyo damu na asisikie kitu kingine, si mvua, si mtoto. Midomo ya mkewe iligeuka myekundu. Aliendelea kutafuna. Kisha akaegemea dirishani, akatema nje, akajifuta kwa kiganja.

"Chokaa imezidi," alisema. "Yule mtoto hajui kupima. Kula yako."